Muuaji Nambari 3: Filamu Iliyomponza Mwongozaji, Mkanda wa Video Ukaiokoa

Aprili 25, 1968, mwongozaji wa filamu wa Kijapani, Seijun Suzuki, alipigiwa simu na katibu wa kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi, Nikkatsu. Ujumbe ulikuwa mfupi: mshahara wa mwezi huu hautoki. Jamaa alikuwa ameiongozea kampuni hiyo filamu 40 katika muda wa miaka 12 hivi, na taarifa ya kufukuzwa kazi ikamfikia kwa simu, tena si ya bosi mwenyewe.

Kosa lake? Filamu moja ya majambazi, nyeusi na nyeupe, ya dakika 91. Kwa Kijapani inaitwa Koroshi no Rakuin, yaani chapa ya mauaji, ile ya kupigwa kwa chuma cha moto. Nje ya Japani wengi wanaijua kama Branded to Kill. Bosi alisema haieleweki.

Leo hii filamu hiyohiyo inauzwa kwenye diski za bei mbaya, imesafishwa picha kwa picha, na waongozaji wakubwa wa Marekani na Asia wanaitaja kwa heshima. Ilitokaje kule ikafika huku? Hapo ndipo kuna stori, na sehemu kubwa ya stori hiyo haikutokea kwenye majumba ya sinema. Ilitokea sebuleni, mbele ya televisheni na deki.

Kiwanda cha filamu za kusindikiza

Nikkatsu ilianzishwa mwaka 1912, ni miongoni mwa kampuni kongwe za filamu Japani. Baada ya vita ilirudi kutengeneza filamu mwaka 1954, na ikaamua kuwafuata vijana: ngumi, bastola, vilabu vya usiku, muziki wa jazi na majambazi waliovaa suti kali.

Biashara yenyewe ilikwenda kama tanuri la mikate. Kumbi zilitaka mzigo mpya kila wakati, tena filamu mbili kwa tiketi moja. Ya kwanza ndiyo yenye staa mkubwa na bajeti nono. Ya pili ni ya kusindikiza tu, mtazamaji asione kapunjwa. Suzuki alikuwa fundi wa hizi za kusindikiza.

Ratiba yake ilijulikana: wiki moja ya maandalizi, siku 25 za kupiga picha, siku 3 za kumalizia. Skripti anapewa. Waigizaji anapangiwa. Akimaliza hii anakabidhiwa nyingine, na mara nyingi hadithi ni ileile: jambazi mwenye roho nzuri, bosi msaliti, mwanamke anayelia, risasi za mwisho. Majina ya wahusika tu ndiyo yanabadilika.

Suzuki hakuwa kijana wa juzi. Alizaliwa Tokyo mwaka 1923, akapelekwa vitani, meli aliyopanda ikazamishwa na Wamarekani, akaelea baharini saa kadhaa kabla ya kuokolewa. Mwaka 1948 alianza kazi ya usaidizi wa mwongozaji katika kampuni ya Shochiku, akahamia Nikkatsu mwaka 1954, na filamu yake ya kwanza kama mwongozaji ikatoka 1956. Mtu aliyepitia hayo yote ukimpa skripti ya tano inayofanana na nne zilizopita, lazima atatafuta namna ya kujifurahisha.

Na akaitafuta kweli. Kuanzia Youth of the Beast ya mwaka 1963 alianza kuvunja kanuni kidogo kidogo. Kwenye Tokyo Drifter ya 1966 ukumbi wa dansi unakuwa mweupe pe kama hospitali, jambazi anatembea kwenye theluji na suti ya rangi ya anga huku akijiimbia wimbo, na rangi zinabadilika kufuata hasira za watu. Kampuni ikamwonya: acha mbwembwe, tengeneza filamu kama wenzako. Hakusikia.

Chati ya wauaji

Sasa njoo kwenye filamu yenyewe. Steringi ni Joe Shishido, mwigizaji ambaye mwaka 1957 alifanyiwa upasuaji wa kuongeza mashavu ili asifanane na vijana wengine wazuri wa sura waliojaa pale Nikkatsu. Matokeo yake akaonekana kama mtu aliyejaza ubuyu mdomoni, na hiyo ikawa nembo yake maisha yake yote.

Anaigiza kama Goro Hanada, muuaji wa kukodiwa anayeshika nafasi ya tatu Japani. Ndiyo, wauaji wana chati, kama ya nyimbo za redioni. Kuna nambari mbili, kuna nambari nne, na kila mmoja anataka kupanda. Nambari Moja ndiye hajulikani. Hana jina, hana sura, wapo hata wanaosema hayupo kabisa.

Hanada ana udhaifu mmoja: harufu ya wali unaochemka. Wenzake wanatuliza akili kwa pombe au sigara. Yeye anainamia sufuria, anavuta mvuke puani, anafumba macho. Muuaji wa kutisha kabisa, halafu ugonjwa wake ni wali. Ukumbi unapaswa kucheka au kuogopa? Suzuki hasemi.

Kazi zake nazo si za kawaida. Mtu mmoja anapigwa risasi na Hanada aliyejificha nyuma ya bango la tangazo la kiberiti cha gesi, bango linalofunguka na kujifunga. Likifunguka tu, risasi inatoka. Mwingine anauawa akiwa ameinama kwenye sinki: Hanada yuko chini ya jengo, amefungua bomba la maji machafu, anapiga risasi inayopanda ndani ya bomba mpaka juu. Baada ya kazi nyingine anaondoka zake juu ya puto la matangazo, taratibu, kama mtu aliyepanda basi.

Kisha anatokea Misako, mwanamke anayependa kifo kuliko uhai. Kwenye kioo cha gari lake kananing'inia kandege kafu. Nyumba yake imejaa vipepeo waliokufa, wamebandikwa ukutani. Anampa Hanada kazi. Hanada analenga, kila kitu kiko sawa, halafu kipepeo anatua kwenye bunduki. Risasi inakwenda kwa mtu asiyehusika. Kwenye ulimwengu wa chati, kosa moja linatosha. Kuanzia hapo yeye ndiye anayewindwa, na anayemwinda ni yule asiye na jina.

Nusu ya mwisho ni ya ajabu zaidi. Nambari Moja hamuui haraka. Anamchosha kwanza. Inafika mahali wawili hao wanakaa nyumba moja, wanakula pamoja, wanakwenda hadi msalani wameshikana mikono, kwa sababu hakuna anayethubutu kumpa mwenzake mgongo. Mwisho wa mchezo unaamuliwa kwenye ulingo wa ndondi, na mtu ambaye hajaiona asiharibiwe utamu.

Juu ya yote hayo, Suzuki anaikata picha kwa kisu. Mtu yuko chumbani, sekunde inayofuata yuko nje, hakuna aliyekuonyesha mlango. Katikati ya picha ya kawaida inachorwa mvua, wanachorwa ndege na vipepeo, kama katuni iliyopotea njia. Ukipepesa macho umeachwa.

Bosi aliyesoma mara mbili

Kinachochekesha ni kwamba filamu hii haikuwa ndoto ya Suzuki iliyokaa miaka kabatini. Ilikuwa kazi ya zimamoto. Kampuni ilishapanga tarehe ya kuitoa, kisha makao makuu yakasema skripti iliyopo haifai. Suzuki akaitwa aiandike upya. Akakusanya wenzake, miongoni mwao mbunifu wa mandhari Takeo Kimura na mwandishi Atsushi Yamatoya, wakaandika kwa pamoja na kusaini jina moja la uongo: Hachiro Guryu. Ukiangalia vizuri ni utani, maana yake ni kama kundi la watu wanane. Mwandishi huyo hajawahi kuzaliwa.

Rais wa Nikkatsu, Kyusaku Hori, alipoisoma alimwambia Suzuki kwamba ilimbidi aisome mara mbili ndipo akaielewa. Suzuki akashauri basi iachwe. Akaagizwa aendelee.

Shika hapo, maana ndipo ulipo mzizi wa kesi nzima. Bosi mwenyewe, ofisini, na karatasi mkononi, alihitaji kurudia. Mtazamaji wa mwaka 1967 je? Yeye alikata tiketi, akaketi gizani, picha ikampita mbele ya macho mara moja, kwa kasi ya mwenye projekta. Asipoelewa kipande, hakuna kurudi. Wiki ijayo filamu imeshaondolewa, imewekwa nyingine.

Kazi ya kumalizia ilikwisha Juni 14, 1967. Filamu ikaingia ukumbini kesho yake, Juni 15. Haikuuza.

Kampuni nayo ilikuwa na jasho lake

Ni rahisi kumfanya Hori awe adui wa hadithi, na kwa kweli alijitahidi kuipata nafasi hiyo. Lakini hesabu zake hazikuwa za kubuni. Mwaka 1958 tiketi za sinema zilizouzwa Japani zilikuwa zaidi ya bilioni 1.1. Kufikia 1967 zilikuwa zimeshuka chini ya milioni 400. Televisheni ilikuwa imeingia majumbani na kuondoka na watazamaji.

Katika hali hiyo, bosi anataka bidhaa inayotabirika. Filamu ya kusindikiza, yenye bajeti ya yeni milioni 20 hivi, kazi yake ni kujaza ukumbi na kupisha nyingine. Suzuki alichukua nafasi hiyo ndogo akaifanyia majaribio. Ukiwa mhasibu wa Nikkatsu, ungekunja uso vilevile.

Tatizo ni kilichofuata. Hori hakuishia kumwachisha mtu kazi. Alisema filamu za Suzuki hazieleweki, hazina faida, na kampuni haitaki kujulikana kwa filamu zisizoeleweka. Wakati huohuo klabu moja ya wapenzi wa sinema mjini Tokyo ilikuwa inaandaa maonyesho ya filamu nyingi za Suzuki mfululizo. Hori akagoma kutoa nakala. Zote zikarudishwa ghalani, mlango ukafungwa.

Hapo ndipo watu walipochemka. Kumfukuza mtu ni ugomvi wa bosi na mfanyakazi. Kuzificha filamu zake zote ni jambo lingine, kwa sababu mtazamaji naye anafukuzwa.

Kesi

Juni 1968 Suzuki aliishtaki Nikkatsu kwa kuvunja mkataba. Mwaka huo vyuo vikuu vya Japani vilikuwa vinawaka moto kwa migomo, na suala la Suzuki likadondokea palepale kwenye kuni kavu. Wanafunzi, wapenzi wa sinema, waongozaji na waigizaji wakaunda kamati ya pamoja ya kumtetea. Wakaandamana. Mzee aliyekuwa anatengeneza filamu za bastola za kusindikiza ghafla akawa bendera ya vijana waliochoka kuamriwa.

Kesi ilichukua miaka mitatu na nusu. Desemba 24, 1971 pande mbili zikakubaliana nje ya hukumu: Suzuki alipwe yeni milioni 1, na Hori aombe radhi hadharani. Milioni moja hiyo ni kama sehemu moja ya ishirini ya bajeti ya filamu iliyozua balaa. Kwenye makubaliano mengine, Nikkatsu ikatoa filamu zake mbili, Fighting Elegy na hii ya muuaji wa wali, zikahifadhiwe katika kituo cha filamu cha Jumba la Taifa la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa, Tokyo.

Wakati huo Nikkatsu yenyewe ilikuwa hoi. Novemba 1971 iliachana na majambazi na kugeukia filamu za mapenzi ya watu wazima ili isife.

Kwenye karatasi Suzuki alishinda. Mtaani alikuwa amekwisha. Mfanyakazi anayeishtaki kampuni hakuna kampuni nyingine inayomtaka. Kwa karibu miaka kumi hakupewa filamu ya sinema na yeyote. Alitengeneza matangazo ya biashara, akafanya vipindi vya televisheni, akaandika makala. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 44 wakati anafukuzwa, aliyekuwa na kasi ya filamu tatu au nne kwa mwaka, akawekwa benchi katika miaka ambayo fundi anakuwa kwenye ubora wake.

Alirudi mwaka 1977 na filamu ya Shochiku, nayo haikufua dafu. Mwaka 1980 akatoa Zigeunerweisen, na wenye kumbi walipoikataa, mtayarishaji Genjiro Arato akaionyesha ndani ya hema kubwa la kujazwa upepo lililohamishwa kutoka sehemu moja hadi nyingine. Watu wakajaa. Filamu ikanyakua tuzo kubwa za Japani na mwaka 1981 ikatajwa kwa heshima kwenye tamasha la Berlin. Somo likawa wazi: watazamaji wapo, mlango wa ukumbi ndio uliokuwa umewazuia.

Mkanda, na weusi uliofunika picha

Huku nyuma kulikuwa na mapinduzi mengine, ya kimyakimya. Mwaka 1976 kampuni ya JVC ilileta sokoni VHS. Ndani ya miaka michache deki zikaingia majumbani, na miaka ya 1980 maduka ya kukodisha kanda yakatapakaa Japani.

Ghafla maghala ya kampuni za filamu yakawa na thamani. Filamu iliyokuwa ikila vumbi, isiyo na ukumbi wa kuipokea, sasa inaweza kuwekwa kwenye mkanda na kukodishwa. Nikkatsu ikatazama kabatini. Na nani yumo? Muuaji Nambari 3.

Mkanda wa Nikkatsu ulitoka mwaka 1987, ukarudiwa 1994. Kampuni iliyosema filamu hii inaharibu jina lake ndiyo iliyoiuza, miaka 20 baadaye, na jina lake juu ya jalada.

Haikuwa neema tupu. Filamu ina mandhari ambayo mke wa Hanada yuko bila nguo. Mwaka 1967 ziliruhusiwa ukumbini namna zilivyopigwa. Kwenye mkanda wa nyumbani zikapitishiwa weusi mzito uliofunika sehemu kubwa ya picha. Kwa hiyo aliyekodi mkanda alikuwa anaangalia kitu pungufu kuliko alichokiona yule wa mwaka 1967 aliyetoka ukumbini akilalamika. Huko Japani ilibidi kungoja DVD ya mwaka 2001 ndipo filamu irudi nyumbani nzima.

Tena kuna suala la umbo. Filamu hii ilipigwa kwa picha pana ya Nikkatsu, ambapo upana ni zaidi ya mara mbili ya urefu wa kwenda juu. Televisheni za zamani zilikaribia mraba. Ukitaka picha pana ijaze kioo cha mraba lazima ukate pembeni, na hesabu inaonyesha unapoteza zaidi ya asilimia 40. Kwa Suzuki hilo ni jeraha, maana mtu huyu hupanga vitu pembeni kabisa: muuaji kushoto, anayeuawa kulia, katikati utupu. Kata pembeni ubaki na utupu.

Diski zafika ng'ambo

Ndiyo maana kilichotokea mwishoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa na uzito. Kampuni ya Marekani ya Criterion, inayojulikana kwa kuzichapa filamu za zamani kwa heshima, iliitoa kwanza kwenye diski kubwa ya leza mwaka 1998, halafu kwenye DVD Februari 1999. Picha pana ikabaki pana, na michirizi myeusi juu na chini badala ya kukatwa. Kukawekwa mahojiano na Suzuki mwenyewe, na maandishi ya mwanamuziki John Zorn. Kijapani kikapewa tafsiri ya maandishi chini ya picha.

Kabla ya hapo, mtu wa nje ya Japani aliyetaka kuiona alitegemea bahati ya tamasha la filamu au mkanda uliopita mikono kadhaa. Baada ya hapo alihitaji duka tu.

Mwaka uleule wa 1999 mwongozaji Jim Jarmusch alitoa Ghost Dog, filamu ya muuaji wa kukodiwa anayeishi kwa maadili ya samurai. Ndani yake kuna mtu anauawa kwa risasi iliyopandia kwenye bomba la sinki, na kuna ndege anayetua kwenye bunduki wakati muuaji analenga. Aliyekuwa ameiona filamu ya Suzuki alijua pale pale. Ilikuwa salamu, na Jarmusch hakuificha.

Mwaka 2001 Suzuki, akiwa na miaka 78, alitoa Pistol Opera, akiirudia ile chati ya wauaji, safari hii muuaji mkuu akiwa mwanamke.  

Baadaye zikaja Blu-ray mwaka 2011, na toleo la 4K mwaka 2023. Kila diski mpya ilikuwa safi kuliko iliyotangulia. Sasa unaweza kuhesabu punje za wali.

Kitufe cha kurudisha nyuma

Kwa nini filamu iliyokufa ukumbini ikafufuka sebuleni? Wapo wanaosema watu wa 1967 hawakuwa tayari. Hilo ni jibu la uvivu. Watu wa 1967 walikuwa wanawaelewa waongozaji wagumu wengi tu.

Jibu la karibu zaidi liko mkononi: rimoti. Filamu ya Suzuki imejengwa kwa namna ambayo mara ya kwanza unashangaa, mara ya pili unaona. Ule mruko wa kutoka chumbani hadi nje, ukiurudia, unagundua hakuna kosa la mhariri. Ni kichwa cha Hanada kinachoanza kupoteza mwelekeo, na wewe umewekwa ndani yake. Kipepeo wa bunduki, ukirudia, unamhusisha na ukuta wa Misako uliojaa vipepeo. Wali uliokuchekesha mwanzoni unaacha kuchekesha pale njaa ya Hanada inapogeuka kuwa hofu.

Hori alisoma mara mbili akaelewa. Watazamaji wa video wakapata haki ileile aliyokuwa nayo bosi. Hiyo ndiyo tofauti nzima.

Na kwenye kufufuka huko wamo watu wasiotajwa. Wanafunzi waliobeba mabango mwaka 1968, bila wao makumbusho yasingepata nakala. Waliokaa chumbani kutafsiri maneno ya muuaji mlevi wa wali yakaingia kwenye mistari miwili chini ya picha. Mafundi wa kusafisha mikwaruzo. Wenye maduka ya kukodisha waliompa mteja mkanda wakimwambia chukua huu, ni wa kichaa lakini utaupenda. Filamu inayohusu wauaji wenye nambari badala ya majina, iliyoandikwa na mtu asiyekuwepo, imeokolewa na watu ambao majina yao hayamo kwenye jalada.

Ufunguo uko kwa nani?

Sehemu kubwa ya filamu za Japani za kabla ya vita haipo tena. Zilichomwa na mabomu, zilioza, zilitupwa. Filamu kupotea si jambo la kufikirika. Ya Suzuki haikuharibiwa, ilifungiwa tu, lakini kwa mtazamaji matokeo ni yaleyale.

Mwaka 1968 bosi mmoja aliweza kuziondoa filamu za mtu machoni pa nchi nzima kwa amri moja, kwa sababu nakala zote zilikuwa mikononi mwake. Tangu mkanda wa 1987 uingie mitaani, amri ya namna hiyo haina nguvu tena. Utaukusanya vipi mkanda ulio chini ya kitanda cha mtu?

Leo wengi wanaangalia filamu kwa intaneti, wanalipia kwa mwezi, hawashiki chochote mkononi. Ni rahisi, ni nafuu, na ufunguo umerudi kwa mwenye ghala. Filamu ikiondolewa usiku, asubuhi haipo, wala hakuna anayepiga simu kukuarifu. Ndiyo maana wapo watu mpaka sasa wanaonunua diski ya filamu waliyoishaiona, na wenzao wanawacheka.

Kyusaku Hori alifariki mwaka 1974, hakuwahi kuona mkanda wa video ukikodishwa. Nikkatsu yenyewe ilifilisika mwaka 1993 kabla ya kuinuliwa tena. Seijun Suzuki alifariki Februari 13, 2017, akiwa na miaka 93, na Joe Shishido, na mashavu yake, akamfuata Januari 2020. Waliogombana wote wameondoka. Filamu iliyowagombanisha ipo dukani, nzima, pana, bila weusi juu yake, na kwenye jalada la toleo la Japani bado limeandikwa jina la kampuni iliyosema haieleweki.